Kifuniko bapa cha Louis Vuitton

Chini ya kitanda changu hapa Dodoma lipo tranka la bati ambalo baba alilinunua kwa fundi bati wa mtaani nilipokuwa ninakwenda bweni kuanza kidato cha kwanza. Kifuniko chake ni bapa, na ubavuni limeandikwa jina langu kwa rangi nyeupe. Kwa miaka mingi sikuona jambo la kutafakari katika ubapa huo, mpaka niliposoma historia ya Louis Vuitton, fundi wa Ufaransa ambaye sehemu kubwa ya sifa yake ya mwanzo ilitokana na kifuniko cha namna hiyo hiyo.

Louis alizaliwa mwaka 1821 katika kijiji cha Anchay, kwenye milima ya Jura. Akiwa bado kijana mdogo aliondoka nyumbani kwa miguu kuelekea Paris, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, ambao kwetu ni kama kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, akifanya vibarua njiani ili apate chakula. Alifika mwaka 1837 na kupokelewa kujifunza kazi kwa Maréchal, aliyekuwa fundi wa masanduku na mfungashaji. Ufungashaji ulikuwa ufundi wenye heshima yake, kwa kuwa magauni ya wanawake matajiri wa wakati ule yalikuwa mapana mno, na kuyakunja bila kuyaharibu kulihitaji mkono uliozoea. Louis alifika hadi kumfungashia Eugénie, mke wa Kaizari Napoleon III, na mwaka 1854 akafungua duka lake mwenyewe.

Masanduku ya wakati huo yalikuwa na vifuniko vilivyobinuka ili maji ya mvua yateremke, maana yalisafirishwa juu ya magari ya farasi. Msomaji wa huku kwetu ataielewa mantiki hiyo upesi akikumbuka tembe la Wagogo, ambalo paa lake linaweza kuwa bapa kwa sababu mvua zetu ni chache. Ulaya hawakuwa na nafasi hiyo. Lakini reli na meli za mvuke zilipoenea, sanduku lililobinuka likawa kero, kwa kuwa huwezi kulipanga moja juu ya jingine. Mwaka 1858 Vuitton alitoa sanduku la kifuniko bapa, lenye kiunzi cha mbao, lililovikwa turubai la kijivu lisilopitisha maji na lililo jepesi kuliko ngozi. Kazi ya kuzuia mvua, iliyokuwa ikifanywa na umbo, aliihamishia kwenye kitambaa. Kwa maoni yangu huo ndio ufundi wake halisi, na mengi yaliyofuata ni biashara. Mwaka 1859 alijenga karakana Asnières, nje kidogo ya Paris, ambako masanduku ya kuagizwa yanatengenezwa hadi leo.

Waigaji hawakukawia. Turubai la kijivu lilifuatwa na la mistari, kisha mwaka 1888 likaja la miraba iitwayo Damier. Louis alifariki mwaka 1892, na miaka minne baadaye mwanawe Georges akabuni turubai lenye herufi L na V pamoja na maua, akikusudia kuwakomesha waigaji. Mtu yeyote aliyewahi kupita gulioni anajua jinsi walivyokoma.

Nikiwa mtu wa mkoa wa zabibu, siwezi kuuacha mfuko uitwao Noé, uliotengenezwa mwaka 1932 kwa ajili ya kubebea chupa tano za shampeni: nne zikisimama na ya tano ikipinduliwa katikati yao. Wauzaji wetu wa mvinyo bado wanatumia maboksi.

Hata hivyo, ninachokionea wivu ni kufuli. Mwaka 1886 Louis na Georges walitoa kitasa ambacho mteja alipewa namba yake, na ufunguo wake mmoja ukawa unafungua masanduku yake yote, huku ukishindwa kufungua ya mtu mwingine. Kule bweni kufuli langu lilifunguka kwa ufunguo wa kijana aliyelala kitanda cha juu yangu, na la kwake kwa ufunguo wangu, na sote wawili tulilijua jambo hilo tangu wiki ya kwanza, sukari ilipoanza kupungua.