Pimamaji ya Pili

Nilipoondoka Unguja nilikuwa na pimamaji moja, ile ya alumini yenye kijicho cha kijani na povu linalokwenda na kurudi. Ami yangu ndiye aliyenipa, pamoja na patasi mbili na wasia kwamba ubao usiolala sawa utakuaibisha mbele za watu. Bado ninayo. Lakini hapa Saint Paul, Minnesota, mfuko wa suruali yangu ya kazi umebeba pimamaji nyingine. Haina povu. Ni kidude cha ukubwa wa simu za zamani, mbele kina sindano mbili. Unazichoma kwenye ubao, namba inatokea: 9, 14, 22. Hiyo inapima maji kwelikweli, maji yaliyojificha ndani ya mti.

Ami nilipomwonesha kwa video alicheka hadi akakohoa. "Khaa! Mbao unaigonga ukaisikiliza. Nyie huko mnaipima homa?"

Naam, tunaipima homa. Nyumba za huku karibu zote ni za mbao, si milango na madirisha tu, bali kuta zenyewe, sakafu na paa. Mbao za fremu zinakuja na muhuri unaosema unyevu haukuzidi asilimia 19 siku zilipopigwa randa kiwandani. Kuvu anayeozesha mti anataka ubao uwe umelowa sana, karibu asilimia 30, ndipo aanze kula kwa raha. Mafundi hatumsubiri afike huko. Pimamaji ikisoma zaidi ya 20, tunaacha kazi tuliyoitiwa na kuanza kutafuta maji yanatoka wapi.

Na hapo ndipo nilipolazimika kujifunza useremala upya. Mimi nimekua nikijua adui wa mbao ni mvua na mchwa. Weka paa zuri, inua ubao kutoka ardhini, umemaliza. Hakuna aliyeniambia kwamba nyumba inaweza kulowa kwa pumzi za watu wanaolala ndani yake.

Mwezi wa Machi, mwaka wangu wa nne hapa, niliitwa kwa bibi mmoja, nyumba yake ya mwaka 1924. Dari ya bafu ilikuwa inadondosha maji. Mvua haikunyesha, theluji juu ya paa ilikuwa imebaki kidogo tu, na siku yenyewe ilikuwa ya jua zuri. Alikwisha kuja fundi mwingine akamwambia paa zima libadilishwe, akamtajia bei ambayo kwetu unajenga msingi na kuta. Nikaomba ngazi nikapanda juu ya dari na tochi.

Nilichokiona sijakisahau. Ncha za misumari yote iliyotoboa mbao za paa zilikuwa zimevaa kofia nyeupe za barafu, kila msumari na kofia yake, mamia kwa mamia. Upande wa jua kofia zilikuwa zinayeyuka, tone, tone, tone, juu ya pamba ya kuzuia baridi. Kando ya bomba la maji taka nikaona mkonga wa feni ya bafu, ile inayovuta mvuke kuutoa nje, umelala chali kama nyoka aliyekufa, mdomo wazi. Aliyeifunga ile feni aliona tabu kutoboa paa, akauacha mkonga upulize humohumo darini. Basi majira yote ya baridi, kila bibi alipooga maji moto, mvuke wa bafu lake ulipanda juu ukakuta mbao zenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Ukitaka kuelewa, toa chupa ya soda kwenye friji uiweke mezani siku ya joto la Vuga, kwetu Unguja. Jasho lile halitoki ndani ya chupa. Linatoka hewani. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi za maji. Hewa hiyo ikishuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, inabaki na uwezo wa kubeba kama gramu moja tu. Zilizobaki lazima zitue mahali. Kwa yule bibi zilitua kwenye misumari.

Nikachoma sindano: 31. Nikajaribu patasi ya ami kwenye ubao ulio juu ya bafu, ikazama kama kwenye boflo la jana. Mbao tano zilitoka vipande vipande mkononi, rangi ya kahawia, zimekatikakatika vijisanduku kama udongo uliokauka. Lakini kubadilisha mbao tano kulikuwa kazi ya asubuhi moja. Kazi hasa ilikuwa kulivusha bomba gumu la feni hadi nje ya paa, kulivika pamba, kisha kutambaa kwa tumbo nikiziba kila tundu la waya na bomba linalopitisha hewa ya ndani kwenda juu. Paa la bibi lilikuwa zima. Alinipa keki ya ndizi, na mpaka leo ananipigia simu hata balbu ikiungua.

Nisijifanye mjuzi. Mwaka wangu wa pili nilimwekea mteja sakafu ya mwaloni, mbao pana za inchi 5, mwezi wa Agosti. Zilifika asubuhi, mchana nikaanza kupiga misumari. Sikupima mbao, sikupima sakafu ya chini. Agosti ya huku ina fukuto karibu na la kwetu. Ikaja Januari, hita inawaka usiku na mchana, hewa ndani kavu hadi midomo inapasuka, na mbao zikarudi nyuma kila moja kwa upande wake. Ubao wa upana ule ukipoteza unyevu asilimia 5 unapungua zaidi ya milimita 2. Mteja alichukua sarafu, akaitumbukiza kwenye mwanya mbele yangu bila kusema neno. Nilirudia kazi kwa fedha yangu. Tangu siku ile mbao za sakafu zinalala kwanza ndani ya nyumba zitakamokaa, hita ikiwa inawaka, na siligusi boksi mpaka namba za mbao na za sakafu ya chini zikaribiane.

Kuna jambo linalowachanganya hata wenyeji. Huku karatasi ya plastiki inawekwa upande wa ndani wa ukuta, nyuma ya jipsamu, ili mvuke wa watu usifike kwenye ubaridi. Binamu yangu wa Maskati akaniuliza kama naye afanye hivyo. Nikamwambia haraka, asithubutu. Kwake joto na unyevu wa bahari viko nje, kiyoyozi kiko ndani. Ukuta unatokwa na jasho upande mwingine kabisa. Plastiki ingeyanasa maji palepale nyuma ya rangi yake mpya.

Hayo ndiyo yaliyonitia wasiwasi ami aliponiambia, kwa furaha, kwamba amepata fedha za kupiga lipu ya saruji nyumba yetu ya Mji Mkongwe, ndani na nje. Ile nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimebebwa na boriti za mikoko ambazo vichwa vyake vimezama ukutani. Vyumba vyenyewe ni vyembamba kwa sababu boriti ndiyo iliyoamua upana. Chokaa inalowa na kukauka. Saruji ngumu juu yake inayafungia maji ndani, na vichwa vya boriti ndivyo vinavyokunywa. Ukuta wa barazani alikwisha kuupiga mwaka jana.

Tulibishana mwezi mzima. Yeye ni mkubwa wangu, na sauti siwezi kumpandishia. Mwisho nikanunua kidude cha pili nikampa mtu aliyekuwa anakwenda likizo.

Jana kaniletea picha. Sindano zimechomwa kwenye boriti ya tatu kutoka dirishani, palepale inapoingia ukutani, namba 32. Chini yake kaandika: "Katikati ya chumba inasoma 15. Saruji nianze kuibandua juu au chini?"