Siku moja maishani mwangu: mtaalamu wa maabara, Tabora

Saa 11:30 alfajiri

Juni ya Tabora haina huruma. Maji ya ndoo yanauma vidole, na mtu anayekwambia Tabora ni joto tu hajawahi kuoga hapa alfajiri ya kipupwe. Chai ya rangi, matobolwa yaliyopashwa, karanga kidogo kwenye mfuko wa koti, nimemaliza. Bodaboda wangu ananisubiri nje. Hapigi honi, anakohoa tu.

Mimi ni mtaalamu wa maabara kwenye kituo cha afya. Ukisema maabara watu wanawaza malaria, na ni kweli malaria inakula sehemu kubwa ya asubuhi yangu. Ila kazi ninayoipenda zaidi, ambayo ndugu zangu wamenikataza kuisimulia wakati wa kula, ni sampuli za ukeni.

Saa 1:30 asubuhi

Nafungua, nafuta lenzi za darubini, nakagua vitendanishi. Umeme upo. Nasalimiana na mama wa usafi, "Mwangaluka mayu," tunacheka baridi, kila mtu anashika lake. Kichupa cha seline, yaani maji ya chumvi ya maabara, nakiweka karibu na taa ya darubini kisikae baridi sana. Sababu utaiona sasa hivi.

Saa 3:10

Sista wa kliniki ya uzazi ananiletea sampuli kwa mkono wake, mbio mbio. Tumekubaliana hivyo: sampuli ya ukeni haipangi foleni na mikojo. Nipo na kijana wa field kutoka chuo, mwaka wa pili, bado ana aibu. Namwambia aibu aiache mlangoni pamoja na simu.

Tone la seline kwenye kioo, sampuli juu yake, kifuniko, chini ya darubini. "Unaona nini?"

Kimya. Halafu: "Kuna kitu kinacheza."

Huyo ni trikomonasi, kimelea wa ugonjwa wa zinaa. Ana mikia minne mbele na utando ubavuni unaopiga mawimbi, kwa hiyo haendi moja kwa moja. Anatetemeka, anajigeuza, anasukuma chembe zilizo jirani. Ukubwa wake unakaribiana na chembe nyeupe ya damu. Ndiyo maana tunakimbia. Sampuli ikipoa au ikikaa, mdudu anatulia, na akishatulia utamhesabu kama chembe nyeupe, utaandika "hakuna kilichoonekana", na mama atarudi nyumbani na ugonjwa wake. Hata ukiwahi, kipimo hiki kinakosa wagonjwa wengi. Vipimo vya vinasaba ni bora zaidi, lakini kwetu hapa darubini ndiyo iliyopo.

Kijana ananiuliza kama kweli haka kadudu kana uhusiano na VVU. Kana. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa wanawake wa Mombasa waliofuatiliwa kwa miaka: waliokuwa na trikomonasi walikuwa na hatari ya kuambukizwa VVU mara moja na nusu ukilinganisha na wenzao. Trikomonasi anachubua ngozi laini ya ndani, mwili unapeleka askari wake pale, na miongoni mwa askari hao zimo seli za CD4, zile zile ambazo VVU vinazitafuta.

Saa 4 na kitu

Sampuli ya pili haina kinachocheza, lakini ina hadithi yake. Namtaka kijana apime mwenyewe vigezo vinne alivyovipanga Amsel na wenzake mwaka 1983: uchafu mwembamba wa kijivu uliotandaa; pH (kipimo cha asidi) zaidi ya 4.5, harufu ukiongeza tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, na zile seli za ngozi zilizofunikwa na bakteria mpaka kingo zake hazionekani. Vitatu vikitimia, ni vajinosisi ya bakteria.

Anaweka tone. Anarudisha kichwa nyuma. "Dagaa wa Kigoma walionyeshewa mvua," anasema, na aibu yake imeishia hapo.

Kisha seli. Seli safi ina kingo kali, unaona mstari wake. Hii imejaa vidoadoa, kingo zimeliwa, na pembeni huoni zile fimbo ndefu za laktobasili, bakteria walinzi wanaotengeneza asidi na kuuweka uke katika hali ambayo wavamizi hawaipendi. Walinzi wameondoka, asidi imeshuka, wengine wamehamia. Hakuna usaha, mara nyingi hakuna maumivu, na wanawake wengi hawana dalili yoyote. Lakini uchambuzi wa mwaka 2008 uliokusanya tafiti mbalimbali ulikuta hatari ya kupata VVU iko juu kwa asilimia 60 kwa wenye hali hii. Kwa sababu hali yenyewe imeenea mno Afrika, hiyo asilimia ni watu wengi.

Watafiti hawaishii kwenye vigezo vya Amsel. Wanapaka rangi ya Gram, inayotofautisha aina za bakteria, na kutoa alama 0 hadi 10 kwa mfumo wa Nugent wa mwaka 1991, na 7 kwenda juu ndiyo vajinosisi. Mimi nafanya hivyo siku zisizo na foleni, yaani mara chache.

Saa 5:30

Dirishani. "Dada, mimi nina UTI sugu."

Hii sentensi naisikia kuliko salamu. Ukiuliza dawa alizotumia utapewa orodha nzima ya duka la dawa: vidonge vya rangi mbili, vya kuyeyusha, sindano alizochomwa mtaani kwa siri. Mkojo ukipimwa mara nyingi ni msafi. Tatizo halikuwa kwenye kibofu tangu mwanzo. Siwalaumu kina mama. Kila kinachowasha, kinachochoma au kinachotoka sehemu zile mtaani kimeshapewa jina moja, na muuza dawa anauza kwa jina hilo hilo. Namrudisha kwa sista na karatasi: aangaliwe ndani kwa spekulamu, kile kifaa cha kufungulia uke, sampuli iletwe kabla ya kidonge kingine. Na apimwe VVU na kaswende kwa mpigo, kama wajawazito wanavyopimwa.

Saa 7 mchana

Ugali, mlenda wa karanga, na sista mwenye hasira. Leo tena amekutana na mama anayejisafisha ndani kwa sabuni ya kufulia, akimaliza anaweka shabu ili "abane". Mwingine ndimu. Wote wamefundishwa na watu wanaowapenda: somo, shangazi, wifi.

Hapa mimi na sista tuna msimamo mmoja na hatuupunguzi makali. Mwaka 2011 ulitoka uchambuzi uliounganisha tafiti 13 za Afrika kusini mwa Sahara, wanawake 14,874 waliofuatiliwa. Kuingiza kitambaa au karatasi ukeni, na kujisafisha ndani kwa sabuni, kulihusiana na kupata VVU na pia na kuvurugika kwa wale bakteria walinzi. Sasa fikiria mzunguko wake: mama ana harufu, anaambiwa mchafu, anaongeza sabuni, sabuni inaua walinzi waliobaki, harufu inazidi. Na bado mume anasema mke wangu si msafi! Uke unajisafisha wenyewe. Nje, maji yanatosha.

Sista anaongeza la kichocho. Akina mama wanaotoka kwenye majaruba ya mpunga ya Nzega na Igunga wakimwambia wanatokwa damu baada ya tendo, anauliza kwanza utotoni waliwahi kukojoa damu. Mayai ya kichocho cha mkojo yanaweza kunasa kwenye mlango wa kizazi yakaacha mabaka kama mchanga, mkojo ukiwa hauonyeshi kitu. Ukimpa dawa za magonjwa ya zinaa hapo umemdhalilisha bure, maana anahitaji prazikwanteli, dawa ya kichocho. Utafiti wa Zimbabwe wa mwaka 2006 ulikuta VVU vingi zaidi kwa wanawake wenye kichocho cha uzazi kuliko wasio nacho. Ubishi wa kisayansi kuhusu nani alimtangulia nani unaendelea, lakini dawa ya kichocho haihitaji kusubiri ubishi uishe.

Saa 9:15

Foleni imepungua. Tunaosha vioo na kijana analeta swali zuri kuliko yote ya leo: "Kwa hiyo tukitibu magonjwa ya zinaa yote, VVU vinaisha?"

Jibu lina majirani wawili. Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 90: vituo vya afya vya vijijini viliimarishwa, wahudumu wakafundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, dawa zikawepo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995, na maambukizi mapya ya VVU yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima ikaitazama Mwanza. Kisha Rakai, Uganda, matokeo ya mwaka 1999: watu walipewa dawa kwa pamoja majumbani, wenye dalili na wasio nazo, kila baada ya miezi 10. VVU havikupungua.

Kijana anakunja uso. Namwambia asikimbilie kusema mmoja alikosea. Mwanza VVU vilikuwa kwa takriban asilimia 4 ya watu wazima, Rakai asilimia 16. Janga lilikuwa kwenye hatua tofauti. Mwanza mgonjwa alipata huduma siku anayoumwa, Rakai dawa ilikuja kwa ratiba. Na vajinosisi, ukiitibu kwa mkupuo mmoja, inarudi. Zaidi ya nusu ya wanawake inawarudia ndani ya mwaka. Mimi nachukua somo la Mwanza kwamba kituo kidogo chenye dawa na mtu aliyefundishwa kina nguvu. Ila kufuata dalili kunamfaa zaidi mwanaume anayetokwa usaha, na hakumtoshi mwanamke ambaye haoni kitu.

Saa 10:30 jioni

Rejista, taka za maabara, kufunika darubini. Kijana ananiomba nimwachie kioo chenye zile seli ampelekee mwenzake akakione. Sitoi sampuli ya mtu nje ya mlango huu. Amenuna kidogo, atapoa.

Saa 2 usiku

Ujumbe kutoka kwa wifi yangu (ameniruhusu niandike): "Wifi, ile hali imerudi tena."

Nilimwandikia asinywe chochote, asinawe ndani, aje asubuhi. Halafu nikamweleza jambo jipya. Mwaka 2025 watafiti wa Australia walitoa matokeo kwamba mume akitibiwa pamoja na mke, vidonge na krimu kwa siku 7, vajinosisi ilirudi ndani ya wiki 12 kwa asilimia 35 ya wanawake, badala ya asilimia 63 pale mke alipotibiwa peke yake. Kwetu bado si utaratibu wa kawaida, lakini ikigundulika ni trikomonasi, kumtibu mume hakuna mjadala. Kwa hiyo aje na kaka yangu, wapimwe wote wawili, na VVU pia.

Dakika kumi baadaye kaka mwenyewe ameandika: "Mimi siumwi."

Nimemjibu kwamba sijamuuliza kama anaumwa, nimemuuliza kesho anaingia kazini saa ngapi.