Kitenzi kimoja, watendaji wawili

“Asha alinunua mchele, Juma nazi.” Napenda sana sentensi ambatano za namna hii. Kitenzi kimetajwa mara moja, kikafanya kazi mara mbili, na msomaji hakupotea. “Asha alinunua mchele na Juma alinunua nazi” ni sahihi, ila aya nzima ikienda hivyo inachosha.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba Kiswahili kinaruhusu udondoshaji huu ingawa kitenzi chake kimebeba mengi. Soma “Kiti kilivunjika mguu, meza ubao”: akilini unajirudishia “ilivunjika” wala hushtuki kwamba ngeli imebadilika. Wakati, lakini, hausameheki. “Jana Asha alinunua mchele, kesho Juma nazi” inagoma, maana -li- haikai na kesho. “Atanunua” sharti itajwe. Ukanushi nao una shida yake. “Asha hakununua mchele, Juma nazi”: Juma alinunua au hakununua? Kama wote hawakununua, tia wala: “Asha hakununua mchele, wala Juma nazi.” Kama Juma alinunua, rudisha kitenzi bila kuona haya.

Mtego mkubwa uko kwenye kauli ya kutendea, yaani kitenzi kinapoonyesha anayefanyiwa jambo. “Mama alimpikia Baraka wali, Asha ugali.” Asha ni mpishi au mlaji? Katika mazungumzo sauti ingeamua. Kwenye maandishi kuna mkato tu. Ikiwa Asha ni mlaji, tanguliza watendewa: “Baraka mama alimpikia wali, Asha ugali.” Ikiwa ni mpishi, hakuna njia ya mkato, andika “Asha akampikia ugali.”

Kosa ambalo ni rahisi kulipita wakati wa kuhariri linahusu maana ya kitenzi. “Mvua ilibomoa ukuta, upepo paa.” Sarufi imetimia, lakini sikio linakataa, kwa kuwa ukuta hubomolewa, paa huezuliwa. Kitenzi kilichoachwa lazima kiiafiki nomino ya pili kama kilivyoiafiki ya kwanza.

Nomino ikidondoka pamoja na kitenzi, angalia idadi: “Wageni walifunga mabao mawili, wenyeji matatu.” Ni matatu, si tatu, bao limeondoka, ngeli yake imebaki. Na katika kauli ya kutendwa, “na” ya pili haikatwi: “Ukuta ulibomolewa na mvua, uzio na ng’ombe.”

Huandika kwanza vishazi vyote, yaani vipande vya sentensi vyenye kitenzi, kikamilifu, nikapigia mstari kitenzi kinachojirudia, nikalinganisha wakati, ukanushi na maana, ndipo nikate. Kisha nasoma kwa sauti. Hukata kuanzia kishazi cha pili, kamwe si cha kwanza: “Juma nazi, Asha alinunua mchele” haisimami. Lakini si kila marudio ni ya kukatwa. Katika “Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu”, uzito wote uko kwenye kufunzwa kule kwa pili.

Vishazi vitatu kwa kitenzi kimoja vinatosha. Kikija cha nne, msomaji ameanza kukisahau kitenzi chenyewe, na ni afadhali kukitaja upya au kuanza sentensi nyingine.