Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa watu wazima, Kawangware, Nairobi

Saa kumi na moja alfajiri

Kabla ya chai, mkasi. Mwenye duka la hapa chini huniwekea boksi za biskuti, nami nazikata kadi za ukubwa wa kiganja. Manila inapendeza zaidi, lakini ikishikwa na mikono iliyotoka kwenye beseni la kufua hulegea upesi. Boksi huvumilia. Leo nakata silabi za neno "kodi", ile ya nyumba: ka, ke, ki, ko, ku, halafu da, de, di, do, du. Mgongoni mwa kila kadi kuna kipande cha picha ya biskuti. Darasani wameshazoea.

Nikimwambia mtu kazi yangu ni kufundisha watu wazima, kwanza hucheka: "Ah, gumbaru! Bado mnaimba a-e-i-o-u?" Akishacheka hunitajia Mzee Kimani Maruge, aliyeanza darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Mzee nampa heshima zake zote, ila wanafunzi wangu hawataki kuketi na watoto, wala hawataki vitabu vya watoto. Mama anayelea wanne kwa kufua nguo Lavington ukimfungulia picha ya bata na neno "bata" chini yake, kesho atakuja kwa adabu, keshokutwa humuoni.

Wengine huuliza kama kweli Nairobi hii kuna mtu asiyejua kusoma. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2006 uliipa Nairobi asilimia 87.1 ya watu wazima wanaojua kusoma, juu ya mikoa yote, wakati Kaskazini Mashariki ilikuwa ya mwisho, chini ya asilimia 10. Basi watu wakasikia 87 wakaona mambo yamekwisha. Hao waliobaki katika jiji la ukubwa huu ni halaiki, na ndio wanaokufungulia geti Kileleshwa.

Saa moja na nusu

Napanga mkoba. Ukinikagua utadhani naokota taka: pakiti tupu za unga za kilo mbili, bahasha za dawa, risiti za supamaketi, karatasi yenye tokeni ya stima, daftari la wageni lililojaa ambalo mlinzi mmoja alilinusuru lisitupwe. Ndivyo vitabu vyetu hivyo. Pakiti ya unga ina alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tokeni ina tarakimu ishirini, na mtu anayeweza kuziingiza kwenye mita nne nne bila kumwita mtoto wa jirani hulala na taa na heshima yake. Ninavyopewa mimi ni chaki na rejista. Mengine najitafutia.

Matatu ya 46, foleni ya Valley Road, nikateremka tao.

Saa tatu kasorobo, na kuendelea, na kuendelea

Nilikuwa na kurasa ishirini kwenye flashi. Kwa wiki hii nilitaka silabi, fomu ya kujaza jina na nambari ya kitambulisho, ukurasa wa daftari la wageni, na meseji mbili za simu. Herufi zote kubwa, za 36, na silabi zimeachana ili jicho lizione moja moja. Macho ya karibu huanza kusumbua mtu akifika miaka arobaini na kitu, na wengi darasani kwangu wamevuka hapo bila kuwahi kuvaa miwani. Mtu anaweza kudhani hajui kusoma, kumbe haoni.

Nilienda saiba moja, duka la kompyuta na uchapishaji, karibu na River Road kwa sababu ukurasa ni shilingi 10 na ukichukua nyingi wanapunguza. Kijana akapokea flashi. "Dakika kumi tu, mwalimu."

Mbele yangu alikuwa bwana mmoja na vijitabu vya mazishi. Mia mbili, vya rangi, na mwili unasafirishwa usiku huo huo. Utamwambia nini aliyefiwa? Nikampa pole, nikakaa. Nakala ya kwanza ikatoka, marehemu uso wa kijani. Wakabadilisha wino. Alipopata rangi yake, simu ikalia: jina la mjukuu fulani limeachwa. Wakaongeza, orodha ikasukumwa hadi ukurasa mwingine, picha ya kanisa ikaangukia katikati ya wasifu. Simu tena. Safari hii ilikuwa sauti ya mama, na hata mimi niliyekaa mlangoni niliisikia vizuri: yeye ndiye mke wa kwanza, kwa nini ameandikwa wa pili? Yule bwana akatoka nje kuongea, akarudi jasho likimtoka, akamwambia kijana awaandike wote wawili kwenye mstari mmoja. Kijana akauliza nani akae kushoto. Bwana akatoka tena.

Halafu stima ikapotea.

Jenereta ya jengo ilipowashwa nilikuwa nimeshahesabu vigae vya ukuta mzima. Zamu yangu ikafika. Kijana akafungua faili, akabofyabofya, akaniletea karatasi huku anatabasamu. Kurasa nne.

"Nimekupunguzia gharama, mwalimu. Kulikuwa na nafasi nyingi zimekaa bure."

Zile herufi za 36 amezifanya 12. Silabi amezibana zikawa maneno, maneno yakawa aya. Na mistari ya fomu, ile ya kuandikia jina, hakuna. Nikamuuliza iko wapi. "Hiyo ilikuwa mitupu, nikaifuta."

Sikupandisha sauti. Nilimweleza kwamba hiyo mistari mitupu ndiyo somo lenyewe. Akaniangalia. "Kwani ni nasari?" Nikamwambia mdogo wao ana watoto wawili na mkubwa wao anaitwa shosho na mtaa mzima. Akasema basi nirudi kwenye faili langu la kwanza wachapishe upya. Hapo ndipo tulipogundua amehifadhi juu ya lile lile. Faili langu lilikuwa limegeuka kurasa nne zake.

Akanidai shilingi 40. Nikakataa. Akasema bosi wake atamkata. Mteja aliyekuwa nyuma yangu akaanza kufyonza. Tukaafikiana nikae kwenye kompyuta ya pembeni bila kulipia dakika, nirudishie mwenyewe. Nikarudishia. Kila nafasi kati ya silabi, kila mstari wa jina, kila kisanduku cha nambari ya kitambulisho. Yule bwana wa mazishi akarudi tena, safari hii ni wimbo wa kwaya ndio ulikuwa na makosa. Tukatazamana, akacheka kidogo, nami nikacheka.

Nilitoka saa saba imepita na kurasa zangu ishirini, zote kubwa, na mgongo unaouma. Kijana akaniambia "karibu tena, mwalimu" na sidhani alikuwa ananikejeli.

Mchana

Chapati na madondo, wima. Matatu ya kurudi.

Darasa ni saa nane na nusu kwenye jumba la kanisa. Akina mama wa kufua wanafika na vidole vilivyokunjamana kwa maji, walinzi wanafika na sare ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu wanaingia zamu saa kumi na mbili. Wanaopika na kuuza njiani huja wakichelewa na kuondoka mapema, nami siwaulizi.

Tulianza na kodi. Kwenye mafunzo tulisimuliwa habari za Paulo Freire wa Brazili, ambaye mwaka 1963 pale Angicos aliwafundisha vibarua wapatao 300 kwa mpango wa saa 40, akianzia na maneno ya maisha yao wenyewe. Mojawapo ya maneno ya namna hiyo lilikuwa tofali. Huku kwetu huhitaji kufikiri sana. Ukiandika KODI ubaoni, usingizi wote unakwisha. Kila mtu ana la kusema, na ninawaacha waseme kwanza. Kisha tunalikata, ko na di, tunachanganya kadi, na baada ya muda mtu anaunda "dada", mwingine "kaka", na mzee mmoja mkimya akapanga "deki" akaniuliza kama inaruhusiwa. Inaruhusiwa, mzee.

Kisha bahasha za dawa. Kuna shosho aliyeandikiwa "1x3", yaani kimoja mara tatu kwa siku, akawa anameza vidonge vitatu kwa mpigo, mara moja, avimalize. Hakuna aliyemwambia vinginevyo, na kusema kweli ukiyatazama maandishi hayo bila kuelezwa, ungefanya nini? Kwa hivyo ninaleta maharagwe. Kila mtu anachora karatasini jua linalochomoza, jua la utosi na mwezi, kisha anaweka haragwe moja chini ya kila picha. Nikiandika 2x2, wanapanga mawili asubuhi, mawili usiku, na jua la utosi linabaki tupu. Shosho huyo sasa ndiye msahihishaji. Anapita nyuma ya watu, mikono mgongoni, na akiona haragwe limekaa pasipofaa analisukuma kwa kidole bila kusema neno. Leo alisukuma la mlinzi mmoja mara mbili. "Baba, utajiua."

Meseji nazo. Ninawapa mbili, moja ya kweli na moja ya wale wanaokupigia baadaye wakisema "nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali rudisha". Hatuanzi na kiasi, tunaanza na mtumaji. Ya kweli juu inasema MPESA. Ya uongo imetoka kwenye nambari ya simu ya kawaida. Na kabla ya kumrudishia mtu chochote, unaangalia salio lako mwenyewe. Mama mmoja aliyeliwa pesa za mboga kwa njia hiyo aliitazama karatasi muda mrefu sana, akaweka kidole kwenye ile nambari, akasema, "Kumbe ilikuwa imeandikwa hapa." Akakasirika upya, mbele yetu sote.

Walinzi walimalizia na daftari la wageni. Nambari ya gari ni herufi tatu, tarakimu tatu, herufi moja, na mlinzi mmoja wa Kileleshwa alikuwa akiwapa wageni kalamu wajiandikie, mpaka mmoja akaandika upuuzi na lawama ikamwangukia yeye. Sasa anasimama mbele ya gari, ananakili. Wageni wanapiga honi. "Wapige," anasema.

Nikiwa naokota maharagwe

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba rejista nilikuwa naijaza kwa kuegemea meza. Mama mmoja wa kufua akabaki nyuma. Akatoa karatasi iliyokunjwa kutoka kwenye kibeti, akasema imekaa humo tangu keateka, msimamizi wa ploti, alipoipitisha mlango hadi mlango, na ameona aibu kuuliza. Ilikuwa kwa Kiingereza, na muhuri wa wakala chini. Nikamwambia asome kwanza anachoweza.

Akasoma tarehe. Akasoma nambari ya nyumba yake. Akafika kwenye kiasi, akakisoma tarakimu moja moja, akanyamaza, akakisoma tena. "Mwalimu, hii si ile ninayolipa."

Si ile. Imepanda, kuanzia mwezi ujao. Nikamsomea yaliyobaki kwa Kiswahili, likiwemo lile la kwamba mwenye malalamiko ayapeleke kwa maandishi. Tukahesabu wanaokaa kwenye ploti hiyo na wako darasani kwangu: wanne. Nimemwomba aniachie karatasi nitoe nakala. Alhamisi tutaandika jibu wote, na kila mmoja ataweka jina lake mwenyewe, bila dole gumba.