Dirisha la tarehe 12 Desemba

Hapa Hamburg, Ujerumani, mwezi huu jua linazama saa kumi jioni. Naenda kazini gizani, narudi gizani. Ni mwaka wangu wa tatu, na kila Majilio, majuma ya kungojea Noeli, yakiingia najiona niko mbali zaidi, si na nyumbani tu, hata na Mungu.

Misa nasali, sikosi Dominika. Lakini baraka ikishatolewa kila mtu anavaa koti lake na kuondoka. Hakuna wa kuniuliza mguu wa mama unaendeleaje. Mimi Mungu nilizoea kumkuta sebuleni kwa watu. Kwetu Kibosho, Kilimanjaro, Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jumuiya ya waumini majirani inakutana kwa zamu nyumba hadi nyumba, viti vya kuazima, mzee anasoma Injili polepole hadi watoto wanasinzia. Usipofika, kabla ya saa sita mtu keshapiga hodi kwenu kuuliza una nini.

Mwaka jana mama aliweka simu mezani, kando ya mshumaa, ili nisali nao novena ya Noeli, sala za siku tisa. Huku ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri. Mtandao ukakatika katikati ya maombi. Nikamalizia peke yangu, "Na uje, Bwana Yesu," huku nalia.

Taji la Majilio lilianzia mji huu huu. Mwaka 1839 Johann Hinrich Wichern, mwanateolojia wa Kilutheri, aliweka mishumaa kwenye gurudumu, minne mikubwa ya Jumapili na midogo ya siku nyingine, kwa ajili ya watoto maskini aliokuwa akiwalea. Nikiliona taji altareni nawawaza watoto wale, wakihesabu siku mbali na kwao.

Mwaka huu parokiani wamebandika orodha. Kila jioni ya Desemba nyumba moja inapamba dirisha lake, majirani wanasimama nje, wanaimba, wanasoma Neno, wanakunywa kitu cha moto. Nimejiandikisha tarehe 12. Nina chumba kimoja tu, ila kiko chini, dirisha linatazama barabara. Nitapika chai ya maziwa yenye tangawizi. Mama amesisitiza niwasalimie "Tumsifu Yesu Kristo", hata kama hawajui kuitikia.

Jana usiku nikasikia mlango unagongwa. Ni yule bibi wa ghorofa ya pili, ambaye miaka yote hii tunapishana ngazini kimya. Ameona jina langu kwenye orodha, amekuja kuuliza kama nina vikombe vya kutosha.