Kumbukumbu ya mradi: muunganisho uliokufa bila kuaga

Usiku wa kuamkia leo niliiacha simu juu ya meza, skrini imezimika, Wi-Fi imezimwa, nikaitumia barua pepe 12 kwa nyakati tofauti, kuipima programu ya barua pepe ninayoitengeneza kwa simu za Android. Zote 12 zilifika na kulia: tisa papo hapo, tatu zikiwa zimechelewa, iliyochelewa zaidi kwa dakika mbili. Wiki tano zilizopita nisingeweza kuahidi hata nusu yake.

Aliyeliibua kosa hili la barua kuchelewa ni binamu yangu mwenye nyumba ndogo ya wageni Shela, mtumiaji wa kwanza wa programu yangu asiyekuwa mimi mwenyewe. Maombi ya vyumba yalikuwa yakimfikia baada ya nusu saa, mgeni akiwa keshapata pa kulala kwingine. "Mdogo wangu," aliniambia, "hii programu yako hungoja niifungue ndipo ikumbuke kazi." Nilimjibu kwa kiburi kwamba kwangu inafanya kazi. Ilikuwa kweli, na ukweli huo ndio ulionipotezea wiki tatu.

Nilikuwa nimefuata waraka wa kanuni za intaneti uitwao RFC 2177, wa mwaka 1997, unaoshauri amri ya IDLE, ambayo kwayo simu huiomba seva ya barua iijulishe mara barua mpya iingiapo, ianzishwe upya angalau kila dakika 29, kwa kuwa seva inaruhusiwa kumtoa mteja aliyenyamaza kwa dakika 30. Niliweka dakika 28 na kujiona mwangalifu. Nisichokitia maanani ni njia iliyo katikati. Kwenye mtandao wa simu watu wengi hushiriki anwani moja ya intaneti, na kifaa cha NAT hushika daftari la nani anazungumza na nani. Muunganisho ukikaa kimya mno hufutwa humo, wala hakuna upande unaoarifiwa. Waraka mwingine, RFC 5382, unataka kifaa hicho kivumilie muda usiopungua saa 2 na dakika 4. Kwenye laini niliyoipima, subira ilikwisha baina ya dakika ya 7 na ya 8. Seva ilidhani simu ipo, simu ilidhani hakuna barua, na soketi, yaani ncha ya muunganisho ndani ya simu, inayongoja kusoma tu haina namna ya kujua kwamba imekatiwa njia. Kwa dakika 20 zilizosalia, programu ilikuwa ikisikiliza ukuta.

Kwangu haikutokea kwa sababu seva yangu ya majaribio hutumia Dovecot, programu ya seva za barua, ambayo isipobadilishwa hutuma kila dakika 2 mstari mfupi wa kujulisha kwamba bado ipo. Mstari huo, ambao programu yangu huupokea na kuutupa, ndio uliokuwa ukilihuisha jina langu katika daftari la NAT. Barua za binamu yangu ziko kwenye seva nyingine, isiyo na mazoea hayo. Nilipourefusha muda huo katika mipangilio ya Dovecot, nilikaa barazani na simu mkononi, nikahesabu dakika nane, nikajitumia barua. Kimya. Nilicheka peke yangu mpaka mama akatoa kichwa mlangoni kuuliza kuna nini.

Kilichonionyesha mambo yenyewe ni rekodi ya tcpdump, zana inayonasa kila kinachopita mtandaoni, upande wa seva, niliyoifungua baadaye kwa Wireshark, zana ya kuisomea: pakiti ileile, yaani kifurushi kilekile cha data, ikitumwa tena na tena, kila mara kwa kungoja zaidi, bila jibu hata moja. Simu bandia ya Android Studio, zana ya kutengenezea programu, haikunisaidia chochote, maana hutumia mtandao wa kompyuta. Inafaa kwa kupangia vitufe tu. Gradle nayo, zana inayoijenga programu, kwenye kompyuta yangu hunipa nafasi ya kwenda kunywa kahawa chungu na kurudi.

Tiba ya kwanza ilikuwa programu ijifunze: ikituma DONE, amri ya kuikatisha IDLE, na seva isijibu ndani ya sekunde 10, inafunga soketi, inaunganisha upya na kuupunguza muda wa kusubiri kabla ya kuianzisha IDLE upya. K-9 Mail, programu nyingine ya barua pepe, humwachia mtumiaji achague muda huo mwenyewe, na ni uamuzi wa heshima, lakini siwezi kumwuliza binamu yangu NAT yake husahau baada ya dakika ngapi. Mchangiaji mwenzangu wa Malindi alipokipitia kiraka hicho cha msimbo aligundua kwamba nilihifadhi muda mmoja kwa simu nzima, hivyo Wi-Fi nzuri ya nyumbani ikaadhibiwa kwa makosa ya laini ya simu. Sasa kila mtandao una muda wake.

Kisha nikagonga mwamba wa Doze, usingizi ulioletwa na Android 6.0 mwaka 2015. Hata kengele inayoruhusiwa kuiamsha simu ndani ya usingizi huo haipigi zaidi ya mara moja kila dakika 9, nami nilihitaji saba! Firebase, huduma ya Google ya kupeleka arifa kwenye simu, ingeniondolea adha hii, ila ningelazimika kuweka katikati seva yangu inayoshika nywila za watu, jambo ambalo silitaki hata kwa malipo. Kwa hiyo nimekubali hasara ya dakika mbili: katika usingizi mzito programu haijisumbui kutuma DONE kwenye soketi ambayo yumkini imekwisha kufa, bali huunganisha upya moja kwa moja na kuchukua barua zilizoingia wakati wa pengo. Zile tatu zilizochelewa zilidondokea humo.

Wiki hii nilikuwa nimepanga kushughulikia viambatisho, lakini binamu yangu ameniuliza kwa nini barua ya saa 2:15 usiku imeandikwa 20:15. Viambatisho vitangoja. Nimefungua tawi jipya la msimbo kwa ajili ya saa za Kiswahili. Kutoa saa sita ni kazi ya mstari mmoja, ila mimi na mwenzangu wa Malindi tunabishana tangu juzi kama saa 12:15 iandikwe jioni au magharibi.