Vyeo kwenye mchezo wa timu: hesabuni ushindi

Mchezo wa video wa timu ukishawekewa vyeo, yaani madaraja ya wachezaji, watu hucheza kile kinachohesabiwa. Ukihesabu waliouawa, kila mtu anageuka mwindaji. Ukihesabu uponyaji, mganga ataponya hata pasipohitaji kuponywa. Ukihesabu ushindi peke yake, watu wasiojuana wanaanza kuulizana nani ashike ngao. Nimeliona hili kwa miaka nikicheza Overwatch, mchezo wa risasi wa timu, kama mganga anayeponya wenzake, kutoka Tabata, na sijapata sababu ya kubadili mawazo.

Naandika kwa sababu kuna vijana wawili hapa Dar wanaotengeneza mchezo wao wa risasi, watano kwa watano, na sasa wanataka kuuwekea mechi za vyeo. Walinipa niujaribu. Ramani zao ni nzuri, hasa ile ya soko lenye paa za mabati, ambako unasikia nyayo za adui juu ya kichwa chako. Wamefika mahali ambapo wanaowajaribia mchezo wanauliza, "Mbona hakuna madaraja?" Swali ni la haki. Anayejitahidi anataka kujua amefika wapi, na anataka kupangiwa wa kiwango chake, si kuchinjwa na wakongwe jioni nzima. Ninachowaomba wadogo zangu hawa ni kwamba wasianze na medali na rangi zake kabla hawajaamua medali inapima nini.

Kwanza mjue kwa nini mimi ni mganga. Wachezaji wa huku kwetu kwenye Overwatch tumewekwa kanda ya Ulaya, kwa hiyo kila ninapobonyeza, taarifa inapita waya wa chini ya bahari hadi huko na jibu linarudi. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Ni kasi kubwa, lakini safari ni ya maelfu ya kilomita kwenda na maelfu kurudi, na kila mtambo wa njiani unachukua chake. Kwangu pingi, yaani muda wa taarifa kwenda na kurudi, hukaa kwenye milisekunde 160 usiku mambo yakiwa shwari. Kumchezea Widowmaker, mdunguaji, kwa pingi hiyo ni mateso, maana unamlenga adui pale alipokuwa. Lakini utepe wa mganga Mercy ukishamshika mwenzako unamfuata wenyewe, na muziki wa mganga mwingine, Lúcio, unamponya kila aliye karibu bila kulenga. Waganga kadhaa ninaowafahamu Dar na Mombasa waliingia kwenye uganga kwa mlango huo wa pingi, kisha wakaipenda kazi yenyewe kama nilivyoipenda mimi. Kwa hiyo mfumo wa vyeo unaomwonea mganga, huku kwetu unaonea watu wengi.

Overwatch ilitoka tarehe 24 Mei 2016 bila mechi za vyeo. Zilikuja mwishoni mwa Juni, na hukuruhusiwa kuingia mpaka ufike kiwango cha 25. Valorant, mchezo mwingine wa risasi wa timu, nayo ilifanya karibu hivyohivyo: ilitoka tarehe 2 Juni 2020, mechi za vyeo zikaja tarehe 23, na ulitakiwa kwanza kumaliza mechi 20 za kawaida. Vijana wangu wanaona wiki hizo ni kuchelewa. Mimi naona ndizo wiki muhimu kuliko zote. Ndipo watu wanapojifunza ramani, wanapogundua silaha gani imezidi nguvu, na mfumo wenyewe unapata matokeo ya kuanzia. Mkiweka vyeo siku ya kwanza, mtakuwa mnampa mtu daraja kwa kutojua mlango wa nyuma uko wapi.

Msimu wa kwanza wa Overwatch ulipima watu kutoka 1 hadi 100. Sisi tuliosoma shule tunajua kilichotokea: mwenye 48 alijiona amefeli mtihani, ilhali yuko katikati ya wenzake kabisa. Halafu mechi ikifungana, ilirushwa sarafu kuamua nani ashambulie kwenye raundi ya mwisho. Umesukuma gari hatua kwa hatua, umeokoa watu, umepoteza sauti kwa kuita, kisha sarafu. Malalamiko yalikuwa makubwa, na msimu wa pili, ulioanza Septemba mwaka uleule, uliondoa sarafu, ukaruhusu sare, na ukaleta alama 1 hadi 5,000 zilizogawanywa kwa madaraja ya Shaba, Fedha, Dhahabu na kuendelea juu. Kuruhusu sare kwenye mchezo wa risasi kulionekana kituko kwa wengi. Mimi nilikufurahia. Timu zilizolingana zimelingana, na hakuna dhambi kusema hivyo.

Sasa tuje kwenye lile lililoniuma zaidi. Kwa misimu ya mwanzo, alama ulizopata ukishinda au kupoteza hazikutegemea matokeo peke yake. Mfumo uliangalia pia takwimu zako na kuzilinganisha na za watu wengine wanaomtumia shujaa (mhusika wa mchezo) yuleyule. Ukisikia hivyo unaona ni haki: aliyejituma apate zaidi, mvivu apate kidogo. Tatizo ni kwamba kazi nzuri ya mganga mara nyingi haina tarakimu. Mercy ana utepe wa aina mbili, wa njano unaoponya na wa buluu unaoongeza nguvu ya risasi za mwenzake. Kuna sekunde ambazo njano ni kupoteza nafasi: mwenzako hajajeruhiwa, adui yuko wazi, na buluu itamaliza pambano kabla halijaanza. Ukifanya uamuzi huo sahihi, uponyaji wako unashuka, kwa sababu waliokufa mapema upande wa pili hawakupata muda wa kuwajeruhi wenzako. Ana, yule mzee wa Kimisri, akimlaza adui kwa mshale wa usingizi wakati adui huyo ametoa silaha yake kubwa, ameokoa timu nzima kwa kitendo kimoja. Utakipima kwa nini? Na yule aliyesimama kona ya ngazi akapaza sauti kuonya kuhusu shujaa wa adui, "Genji yuko nyuma yenu," anapata alama ngapi?

Wachezaji walianza kuwafikiria mashujaa kwa jinsi wanavyopandisha alama. Mtu anang'ang'ania shujaa mmoja kwenye ramani isiyomfaa kwa sababu takwimu zake kwa shujaa huyo ni nzuri. Mwanzoni mwa 2018, kuanzia msimu wa nane, Blizzard, waliotengeneza Overwatch, waliondoa hesabu hiyo ya takwimu kwa walio daraja la Almasi na kupanda. Huko ukishinda umeshinda. Nilifurahi, na wakati huohuo nikauliza kwa nini walio chini waachwe na hesabu ya zamani, wakati wao ndio bado wanajifunza nini maana ya kucheza kwa ajili ya mwenzako. Hoja ya upande wa pili naijua: takwimu zinasaidia kumtambua haraka mtu aliye mahali pasipo pake, kwa mfano bingwa aliyefungua akaunti mpya. Basi zitumieni kwa hilo tu, mechi za mwanzo, kimyakimya. Mtu akishapata nafasi yake, mzinyamazishe takwimu hizo.

Hesabu ya ushindi peke yake si ya kubuni upya. Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, aliwatengenezea watu wa sataranji kipimo ambacho shirikisho la Marekani lilikipokea mwaka 1960 na lile la dunia, FIDE, mwaka 1970. Wazo lake linaeleweka na mtu yeyote: kabla ya mechi, tofauti ya alama inatabiri matokeo. Ukimzidi mwenzako kwa alama 400, unatarajiwa kuvuna karibu asilimia 91 ya pointi, kwa hiyo ukimshinda unapata kidogo sana, na akikushinda anachukua nyingi. Shida ya sisi watu wa timu ni kwamba sataranji ni mtu kwa mtu. Watafiti wa Microsoft huko Cambridge, Ralf Herbrich, Tom Minka na Thore Graepel, walitengeneza kipimo cha TrueSkill kwa ajili ya mashine ya michezo ya Xbox 360, na mchezo wa risasi wa Halo 3 wa mwaka 2007 ukakitumia. TrueSkill hujumlisha uwezo wa wachezaji wote wa timu, na kwa kila mtu huweka namba mbili: uwezo wake unaokadiriwa, na kiasi ambacho mfumo bado una shaka naye.

Hiyo namba ya pili ndiyo ninayotaka vijana wangu waielewe kuliko kitu kingine chochote. Microsoft walieleza kwamba kwa mechi za mtu kwa mtu, mfumo unahitaji kama mechi 12 kumjua mchezaji. Kwa timu mbili za watu wanne, unahitaji kama 46. Kwa timu mbili za watu wanane, 91. Sababu iko wazi: matokeo ni moja, wanaogawana ni wengi, na ili kujua mchango wa nani ni upi lazima mtu achezeshwe na wenzake wengi tofauti. Sasa tazameni ile desturi ya kumchezesha mtu mechi kumi kisha kumpa medali kwa shangwe na fataki. Kwa timu ya watano, baada ya mechi kumi bado hamumjui. Msimdanganye. Mwandikieni kwamba daraja lake ni la muda, na mlifanye lisogee kwa urahisi mpaka shaka ipungue.

Halafu kuna foleni, na hapa ndipo mchezo mdogo wa kwetu unapoweza kufa. Mwaka 2019 Overwatch ilianza kupanga watu kwa kazi: wawili wa ngao, wawili wa mashambulizi, wawili waganga, na kila kazi ikawa na alama zake. Hilo la alama tofauti ni jambo jema mno, maana mimi mganga wa Almasi si Almasi nikipewa bunduki ya kudungua. Lakini watu wa mashambulizi walikuwa wengi kuliko nafasi zao, wakawa wanasubiri muda mrefu, na hiyo ni kwenye mchezo wenye wachezaji tele. Ninyi mna wachezaji ambao wengi wanaingia baada ya kazi na shule, kati ya saa mbili na saa tano usiku. Mkiwagawa kwa kazi, kwa ramani, kwa kanda na kwa daraja, kila mtu atabaki peke yake kwenye chumba cha kusubiri. Wekeni foleni moja ya vyeo, fungueni kwa saa hizo tu, na alama zenu za kazi mzitunze ndani ya mfumo. Pia pingi iwe sehemu ya upangaji. Mtu wa Nairobi na mtu wa Dar wakutane kwanza kabla ya kumtafuta mwenye alama sawasawa aliye bara jingine.

Na muwaambie watu kinachoendelea. Overwatch 2 ilipotoka Oktoba 2022, daraja lako lilihesabiwa upya baada ya ushindi saba au mechi 20 za kupoteza au sare, na katikati hapo hukuona chochote. Binamu yangu wa Muscat, mtu wa ngao ninayemwamini kuliko wote, alishinda mechi zake, akabaki palepale, akaja kuniuliza kama nimeona hitilafu. Nilikuwa sina la kumjibu. Februari 2024 wakabadilisha: kila baada ya mechi unaona umesogea asilimia ngapi na kwa nini, mathalani kwamba wapinzani walitarajiwa kuwazidi. Mtu akielezwa hivyo anakubali hata kupoteza.

La mwisho ni makundi. Mimi, binamu na kaka yangu tunaingia watatu pamoja, tunaongea muda wote, na timu ya watu watano wasiojuana haiwezi kutusikia. Alama zetu zikijumlishwa bila kuhesabu huko kujuana, tunawaonea. Kwa hiyo kundi la watatu lipangiwe lililo na watatu pale linapopatikana, na lisipopatikana, mtuhesabie kama tuna alama za juu zaidi kabla ya kutupangia. Tutashinda mara chache zaidi, na sisi watatu tuko tayari kwa hilo.